Nyumba Iliyosemwa Haina Mtu

Majirani zangu wa pwani hii, tulieni niwaeleze yaliyomfika Swabra, mjane wa marehemu Ishaq. Wengine mtanikasirikia, najua. Nikasirikieni nikishamaliza.

Swabra aliishi katika nyumba za kaunti hapa Malindi, zile ambazo wazee bado huziita nyumba za manispaa. Ishaq alikuwa fundi wa mabomba ya maji, na nyumba ile alipewa kwa kazi yake. Asubuhi zao zilikuwa za raha. Swabra akikaanga mahamri, binti yao Hadiya akitafuta kiatu cha shule chini ya kitanda, na Ishaq bafuni akiimba kwa sauti mbaya isiyo na haya. Jirani yao wa ukuta mmoja, Nyevu, mama wa Kigiriama auzaye mboga sokoni, alikuwa akiugonga ukuta ili anyamaze, kisha wote wawili hucheka, huyu upande huu na yule upande ule.

Siku moja Ishaq alianguka kazini, wala hakuinuka tena. Swabra akaingia eda. Kwetu mjane hukaa kizuka: hatoki ovyo, hajipambi, haonani na wanaume wasio maharimu wake, yaani wawezao kumuoa, mpaka muda wake utimie. Swabra alimpenda mumewe, na eda aliikaa kwa moyo wake wote. Alisema hiyo ndiyo heshima ya mwisho awezayo kumpa.

Hata matanga hayajasahaulika, notisi zikabandikwa milangoni. Wapangaji wote wahame, nyumba zinatakiwa kwa wafanyakazi wapya. Watu wakakimbilia kortini, na hakimu akapanga siku ya kuwasikiliza, nyumba baada ya nyumba.

Nyevu akaja mbio kwa Swabra.

"Mama Hadiya, hakimu ataka kutuona sisi wenyewe tulalao humu. Jifunike vizuri twende. Nitakaa ubavuni mwako mpaka turudi."

Swabra alitaka kwenda. Lakini jioni alikuja Zayd, kaka mkubwa wa Ishaq, mwenye duka lake Gongoni. Kwa kuwa si maharimu wake, alisimama nyuma ya pazia la mlango na kusema kutoka huko.

"Kizuka kortini? Mbele ya makarani na walevi waliokamatwa jana? Shemeji, wataka watu wamseme nini ndugu yangu kaburini?"

"Lakini shemeji, nyumba ikienda, mimi na mtoto tutakwenda wapi?"

"Nitakwenda mimi. Au hamna mwanamume tena katika ukoo huu?"

"Nyevu asema tungemuuliza maalim wa chuo cha Kurani cha Hadiya, pengine iko ruhusa."

"Mambo ya nyumbani hatuyatembezi kwa watu."

Swabra akalikunja buibui alilokuwa ameliandaa. Ni wangapi kati yetu tumewanyamazisha wake wa ndugu zetu hivyo hivyo, kisha tukaenda zetu kunywa kahawa tukijiona wanaume? Zayd hakuwa mwizi. Nyumba ile hakuitaka, na kila Ijumaa alikuwa akimletea Hadiya halua. Laiti angekuwa mwizi, ningepata wa kumlaani, moyo wangu ukatulia.

Siku ya kesi Nyevu aliitwa mapema. Akasimama mbele ya hakimu na leso zake mbili, akasema, "Mimi ndiye nilalaye humo, na wanangu. Ukinitoa leo, sina pa kuwalaza." Hakimu akayaandika maneno yake, naye Nyevu akaenda sokoni kwenye mboga zake.

Baadaye ikaitwa nyumba ya Ishaq. Zayd akasimama, kanzu imepigwa pasi.

"Nani anaishi katika nyumba hii?" hakimu akauliza.

"Nyumba ni ya marehemu ndugu yangu."

"Marehemu Mungu amrehemu. Nauliza anayeishi humo sasa."

Zayd akageuka. Ukumbi ulikuwa umejaa wanaume, wengine akiwajua. Alitaje jina la mjane wa nduguye mbele yao, aseme yumo ndani peke yake na mtoto? Akawaza kwamba atakuja kuyamaliza faraghani, na mkubwa mmoja wa kaunti anayefahamiana naye.

"Iko chini yangu," akasema.

"Wewe waishi humo?"

"La. Mimi nina kwangu Gongoni."

"Basi kuna mtu yeyote anayeishi humo?"

"Hakuna," akasema Zayd.

Hakimu akaamua kwamba waliojitokeza wasiguswe mpaka kesi yao isikilizwe yote, na kwamba nyumba isiyo na mtu kaunti iichukue. Zayd alirudi nyuma ya pazia lake akamwambia Swabra asiwe na wasiwasi. Yule mkubwa wa kaunti, kila alipopigiwa simu, hakushika.

Askari walikuja asubuhi. Swabra alikuwa akimsuka Hadiya nywele. Mlango ukasukumwa, na aliyetangulia akasimama ameduwaa.

"Mama, wewe ni nani? Tumeambiwa humu hamna mtu."

"Mimi ni Swabra. Ninaishi hapa."

Maneno hayo, ndugu zangu, ndiyo aliyotakiwa kuyasema mbele ya hakimu, na hayakuhitaji wakili wala shule. Sasa yalikuwa yamechelewa. Askari wakatazamana, wakapiga simu, wakaambiwa amri ni amri. Kitanda kikatolewa, na makabati, na sufuria za mahamri. Aliyekatazwa kuonekana na hakimu mmoja akasimama barabarani machoni pa mtaa mzima, eda haijatimia, vijana wakimpiga picha. Nyevu alivua leso yake ya juu akamfunika nayo.

Zayd alifika kwa bodaboda, akakosa mahali pa kusimama. Pazia lilikuwa chini, kwenye vumbi, juu ya godoro.

"Shemeji," Swabra akamwita, "ulimwambia hakimu nani anaishi humu?"

Zayd alilia mbele za watu wale wale aliokuwa akiwaogopa.

Maalim alikuja jioni, akaketi mlangoni kwa Nyevu, Swabra akiwa ndani. "Haja kama ile ya korti ingekuruhusu kutoka mchana, ukarudi kwako kulala," akasema. "Mbona hamkuniuliza?"

Eda yake Swabra aliimalizia kwa Nyevu, nyuma ya shuka iliyofungwa sebuleni. Wakili mmoja alimwambia yawezekana kufungua kesi upya, lakini nyumba ilikwisha kupewa mtu. Asubuhi moja mtu huyo aliimba bafuni. Hadiya akainua mkono ili agonge ukuta, na mama yake akaushika.

FUNZO

Mpangaji wa nyumba ya umma ana haki ya kusikilizwa kabla ya kutolewa, na haki hiyo haifi na mume. Ni ya anayelala humo. Ukiitwa na korti, nenda mwenyewe, ukaonekane na useme kwa kinywa chako. Dini haikumfungia mjane mlango haja inapomfika, na asiyejua na aulize wanaojua. Nanyi wanaume wenzangu, msione haya kuwataja wake wa ndugu zenu mahali pa haki. Zayd alimficha Swabra ili amhifadhi, na leo Swabra hana pake.