Mkono wa Verlin kwenye Mtambo

Ganda la risasi lilikuwa la moto.

Odell Tackett aliligusa, akaurudisha mkono kama aliyeshika pasi. Ganda lile lilikuwa limelala kwenye bakuli tangu juzi, mtambo wa kushindilia risasi hakuna aliyeushika, na ufunguo wa chumba kile cha chini ya nyumba anao yeye mfukoni. Sasa moto umetoka wapi? Akaliinua kwa kitambaa. Halikuwa ganda tupu tena. Ilikuwa risasi kamili, kiwashio kimekaa sawasawa kitakoni, kichwa kimebanwa kwa unadhifu ule wa kuudhi ambao bonde zima la Laurel lilijua ni wa mtu mmoja tu.

Verlin. Na Verlin alikwisha kuliwa na udongo.

Huko milimani Kentucky, wanaume hujishindilia risasi nyumbani kama wake zao wanavyosindika maharage kwenye chupa, na mwiko wao ni mmoja: hupigi risasi iliyoshindiliwa kwa mkono wa mtu mwingine. Jirani atakuazima trekta, atakuazima hata figo, lakini risasi zake abaki nazo. Verlin aliuvunja mwiko ule mara moja tu katika maisha yake, kwa sababu aliyemletea boksi la risasi alikuwa Odell, binamu yake, mtoto waliyekua naye wakila sahani moja. Bastola yake ya silinda, aliyorithi kwa baba na haikuwahi kumwangusha hata siku moja, ikampasukia usoni kama tikiti. Watu wakasema ajali. Baruti haina rafiki, wakasema, wakala kuku wa msibani, wakaenda zao. Odell alilia kuliko mjane. Halafu akamwoa mjane, akahamia nyumba ya marehemu, mtambo wake ungali chini.

Baruti ya risasi zile aliibadilisha Odell mwenyewe, akatia kali kupita kiasi. Wapo watu wa namna hiyo: kazi hawana, akili wanayo, na akili yote wanaipeleka kwa mke wa mwenzao. Siri ile alibaki nayo peke yake, na alijua kabisa kwamba siku Loretta, mjane yule, akiisikia, basi mke kwaheri, nyumba kwaheri, na jela karibu.

Tangu ganda lile, mambo yakaharibika. Harufu ya tumbaku ya mnanaa, ile aliyokuwa akitafuna Verlin, ikaanza kupanda ngazi wakati wa chakula. Mpini wa mtambo ukawa unashuka wenyewe mchana kweupe, *kraa… tak*, na Odell akishuka anakuta risasi mpya imekaa inamngoja, ya moto. Akazitupa mtoni. Zikaendelea kutengenezwa.

Kisha bastola zikamkataa. Jumamosi, kwenye uwanja wa shabaha nyuma ya kanisa, alivuta triga ikalia *tik*. Akavuta tena. *Tik.* Akaazima bastola ya Burl Hensley, ambayo imezama tope na theluji na haijui kukwama. *Tik.*

"We Odell, umeifanya nini bastola yangu?" Burl akaropoka. "Inapiga hata ikishikwa na mama mkwe wangu, na yule ana mtoto wa jicho!"

"Mpe Loretta," mwingine akadakia. "Nyumba yenyewe ni ya mke, na bastola nayo awe anashika mke!"

Wakacheka. Loretta akaichukua, akalenga, akapiga. Kopo likaruka. Akamrudishia Burl, akamtazama mumewe kwa utulivu.

Kwenye gari alisema taratibu, "Tumwite shangazi Ozella, aje akitoe hiki kinachokuandama."

"Yule bibi wa kuzuia damu ya jeraha kwa aya za Biblia? Nitachekwa mimi."

"Kwani leo umefanywa nini, mume wangu? Umepigiwa makofi?"

Ozella alifika siku ya pili baada ya ibada, amejitanda shali, mkononi ana chumvi. Waliposhuka chini, taa ikafifia. Harufu ya mnanaa ikawakaba, na nyuma yake ikaja nyingine, ya nywele zilizoungua.

"Loretta, panda juu, mwanangu," Ozella akanong'ona. "Na wewe, baba, kaa. Huyu simtoi kwa chumvi. Ana neno moja analolidai, na liko kooni mwako."

"Neno gani, mama? Mimi sina neno."

*Kraa… tak.*

Mpini ulishuka mbele ya macho yao, ukapanda, ukashuka, na risasi zikaanza kudondoka bakulini moja baada ya nyingine, na Odell akahisi pumzi ya mtu shingoni, pumzi yenye tumbaku, na kitu chenye majimaji kikamgusa shavu kama uso unaotafuta mahali pa kujiegemeza, uso ambao upande mmoja haupo, na akataka kuomba lakini kila aya aliyowahi kufundishwa ikamtoka, hata akasikia mdomo wake mwenyewe unapiga yowe:

"Ni mimi! Verlin, ni mimi! Baruti niliibadilisha mimi, nilimtaka Loretta, ni mimi niliyekuua, niache ndugu yangu, niache!"

Mpini ukasimama. Harufu ikakatika kama iliyofungiwa mlango. Odell akaanguka juu ya kiti akilia kwa nafuu, kamasi tupu.

"Ametoka," alisema. "Mama, ametoka, sivyo?"

Ozella alikuwa anatazama ngazi. Loretta alikuwa amesimama pale. Juu hakuwa amepanda.

"Umesikia, shangazi?"

"Nimesikia, mwanangu. Neno kwa neno. Nitaapa popote."

Loretta akashuka, akainama chini ya meza, akachomoa shati la Verlin, lililokakamaa kwa damu nyeusi. "Sikulifua. Nililiweka hapa siku tuliyomzika, nikamwita. Moyo wangu ulijua ni wewe, Odell, lakini sherifu hafungi mtu kwa moyo wa mjane. Alitaka mdomo wako."

"Umelala kitanda kimoja na mimi!"

"Mbweha hutegwa kwa kuku. Mimi ndiye nilikuwa kuku. Unadhani ilikuwa tamu?"

Akalitandika shati juu ya mtambo, polepole, kama anayemfunika mtoto. Mpini ukatikisika.

"Loretta! Shangazi kamtoa! Mwambie aondoke!"

"Kumtoa?" Ozella akajikusanyia shali. "Baba, mimi nilikuja kumpa nguvu."

Wanawake wakapanda. Komeo likagonga kwa nje, na taa ikazimika. Odell alitambaa ngazi hadi mlangoni, akaubandikia sikio, na upande wa pili akamsikia mkewe akiongea kwa simu, sauti laini, kama anayeagiza unga.

"Ndiyo, sherifu, amekiri. Yuko chini… La, usikimbize gari, barabara ina utelezi… La, hatakimbia." Akasikiliza swali. Nyuma ya Odell, gizani, ngazi ya chini kabisa ikalia kwa uzito wa mguu.

"Hapana," Loretta akasema. "Hayuko peke yake."