Kichaa cha Soksi

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alikuwa na kazi moja tu: kumpeleka mbwa wao, Soksi, uwanjani akimbie. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Soksi alipewa jina hilo kwa miguu yake myeupe.

Siku hizo, hata hivyo, Chiriku alikuwa akimwacha mbwa kwenye mnyororo nyuma ya nyumba na kwenda zake kuruka kamba na wenzake. Akiulizwa, alijibu bila kupepesa macho, "Nimeshamtembeza, mama."

Jioni moja, baba alipomfungua tu, Soksi alichomoka. Alizunguka ua mbio, mkia ameubana, macho yamemtoka, kisha akapita katikati ya chumba ambamo mama alishonea nguo za watu. Gauni la bibi harusi likaburutwa hadi kwenye matope. Baada ya hapo alijilaza, akihema kwa utulivu.

Mama alishika kichwa. "Kazi ya wiki nzima hiyo."

"Huyu ameshikwa na kichaa," baba alisema. "Kichaa cha mbwa kinaua watu. Kesho daktari wa mifugo atamchoma sindano ya kumuua."

Chiriku alisukuma sahani yake kando. Akisema kweli, baba atajua amedanganywa muda wote. Akinyamaza, Soksi anakufa. Alinyamaza, akajichukia.

Kesho yake daktari alimkagua Soksi mdomo na macho, akampa maji, naye akayanywa yote.

"Sioni dalili za kichaa, na chanjo nilimpa mwenyewe," alisema. "Je, anatoka kukimbia?"

"Kila siku. Binti yangu humtembeza."

"Basi sielewi kinachomsumbua."

"Kama hata wewe huelewi, mimi sibahatishi. Nina watoto ndani."

Daktari alisita, kisha akafungua begi lake taratibu. Chiriku alijitupa kati ya daktari na Soksi.

"Simtembezi," alisema huku akilia. "Tangu muhula uanze. Nilidanganya, baba."

Daktari alifunga begi. "Kumbe. Mbwa akifungwa kutwa, nguvu humjaa. Akifunguliwa, zinamtoka zote kwa mkupuo, halafu anatulia. Wengine hufanya hivyo hata wakishaogeshwa. Si ugonjwa. Anataka kukimbia tu."

Chiriku alingoja kiboko. Baba hakuinua mkono. Alikaa kwenye ngazi kama mtu aliyechoka sana.

"Nilikuwa naua mbwa mzima," alisema, "kwa sababu nilikuamini wewe. Yeye hawezi kujitetea. Ulipodanganya, ulifikiri unajiokoa wewe tu, kumbe unamtwisha mwingine kosa lako. Haya, mpeleke."

"Ukirudi, tunafua gauni," mama aliongeza.

Chiriku alishika mnyororo, machozi yakimtiririka. Soksi, asiyejua lolote, alimvuta kuelekea uwanjani kwa furaha.