Pini Mdomoni mwa Mama

Kitu cha kwanza ambacho Sindano alikigundua kuhusu mama yake ni pini. Mama alikuwa fundi cherehani, na kila alipokuwa akipima nguo mwilini mwa mteja, alibana pini tano au sita kwenye pembe ya kushoto ya mdomo, vichwa vyake vikichungulia nje kama punje za mtama. Wateja walimsemesha, naye akajibu kwa mguno. Mguno mmoja ulikuwa ndiyo, miwili hapana. Akizitoa zote na kuziweka mezani, jua kuna neno zito.

Siku moja, Sindano akiwa na miaka saba, mama alipaliwa na mate pini zikiwa mdomoni. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Pini ya mwisho ilitoka na tone la damu.

"Yamekwisha, mwanangu," mama alisema, akacheka. "Usiende kuyatangaza."

Sindano hakuyatangaza. Lakini tangu siku ile, kila alipotoka shule alisimama kwenye kona ya uchochoro wao na kutega sikio. Akiisikia cherehani ikilia tra-tra-tra, alikimbia nyumbani. Ikiwa kimya, alisogea hatua kwa hatua akishika ukuta mpaka mlangoni. Mara zote alimkuta mama mzima, anakata kitambaa au anapiga pasi. Mara zote aliamkia, akaingia ndani kubadilisha sare, asiseme kitu.

Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina la Sindano alipewa na wenzake kwa sababu ya wembamba wake na kazi ya mama yake. Kwa kusema alikuwa mzito. Mwalimu akimuuliza swali, jibu lilifika mpaka kooni likageuka kurudi.

"Sindano, tia uzi basi!" alikuwa akimtania jirani yake wa dawati. Huyo walimwita Redio, na hapakuwa na haja ya kuuliza kwa nini.

Jumatatu moja mwalimu wa Kiswahili aliwaambia waandike insha kuhusu mtu mzima wanayemjua na kazi yake.

"Zitakazochaguliwa zitasomwa hapa darasani Ijumaa ya wiki ijayo," alisema. "Na huyo aliyeandikwa tutamwalika aje asikie mwenyewe."

Jioni ile Sindano aliandika sentensi moja: Mama yangu huweka pini mdomoni. Aliitazama. Ilionekana ya kitoto, tena ya aibu. Nani aandike pini kwenye insha? Aliifuta kwa kifutio mpaka karatasi ikatoboka.

Kesho yake alimweleza Redio shida yake.

"Hilo tu?" Redio alisema. "Simu ya dada ina ile programu ya akili mnemba. Unaiambia unachotaka, inakuandikia utadhani mwalimu mkuu."

"Na wewe utaitumia?"

"Mimi maneno yananifurika, ya kuazima ya nini? Wewe ndiye mwenye njaa."

Walipotoka shule walikaa kibarazani kwa kina Redio. Wakaandika: Insha kuhusu mama yangu, fundi cherehani. Kabla Sindano hajapepesa macho, ukurasa ulikuwa umejaa. Maneno yalikuwa yamepangwa kama vyombo vya kabatini. Aliyanakili kwa mwandiko wake mzuri, neno kwa neno, akakabidhi.

Siku ya tatu mwalimu alisoma majina ya waliochaguliwa. La kwake lilikuwamo. Badala ya furaha, Sindano alihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

Nyumbani alimpa mama barua ya mwaliko. Mama alikuwa akipima sketi ya mteja. Aliisoma taratibu, midomo imebana. Kisha akazitoa pini zote, moja baada ya nyingine, akaziweka mezani.

"Mimi?" aliuliza. "Wameniandika mimi?"

"Ni mimi niliyekuandika, mama."

"Hebu nisomee kidogo."

"Ni... ni siri mpaka Ijumaa."

Mama alimgeukia mteja. "Umesikia? Ijumaa sifungui. Nimeandikwa!"

Kuanzia siku hiyo hapakuwa na amani ndani ya moyo wa Sindano. Kila mteja aliyeingia aliambiwa habari ya Ijumaa. Muuza mkaa aliambiwa. Hata aliyekuja kuulizia njia aliambiwa. Jumapili mama alifungua sanduku, akatoa kitambaa cha kijani alichokihifadhi tangu Sindano hajaanza shule. Miaka yote alisema kinangoja siku yake. Mwenyewe alivaa nguo za viraka, maana fundi hushonea watu, hajishonei.

Alikitandaza mezani, akachora kwa chaki, akashika mkasi.

"Mama, ngoja kwanza," Sindano alisema.

Miguno miwili. Mkasi ukaingia kitambaani, krrrr, na Sindano aliusikia kama unapita tumboni mwake. Kitambaa kikishakatwa hakirudi. Sasa angesemaje? Kwamba gauni linashonwa kwa ajili ya insha ambayo hakuiandika? Usiku aliota amesimama mbele ya darasa, akifungua kinywa zinatoka pini.

Ijumaa ilifika. Wageni walikaa kwenye viti nyuma ya darasa, mama katikati yao ndani ya gauni la kijani, mikono juu ya magoti kama mwanafunzi mpya. Sindano aliikunja na kuikunjua karatasi yake mpaka ikalainika.

Redio alitangulia. Insha yake ilimhusu babu yake, fundi baiskeli. "Babu akitafuta tundu kwenye mpira," alisoma, "hutema mate na kuangalia kama yatatoa povu. Kisha mkono ule ule anampa mteja amsalimie." Darasa zima likaangua kicheko. Babu mwenyewe alicheka mpaka akashika mbavu, akiuinua mkono wake juu watu wauone.

"Sindano," mwalimu aliita.

Alisimama. Aliishika karatasi kwa mikono miwili.

"Mama yangu ni taa inayoangaza giza la maisha," alianza. "Mikono yake ni laini kama pamba. Kila alfajiri huketi kwenye cherehani yake akiimba nyimbo tamu..."

Hapo aliinua macho, akamwona mama akitabasamu. Tabasamu lile Sindano alilijua. Mama alilitoa pale mteja alipovaa nguo isiyomfaa, akajizungusha mbele ya kioo na kusema imemkaa vizuri.

Mama haimbi. Ataimbaje na pini mdomoni? Na mikono yake si pamba. Ncha za vidole zimekuwa ngumu kama kwato kwa kuchomwa na sindano.

"Endelea," mwalimu alisema kwa upole.

Sindano alijaribu. Kidole chake kilitafuta mstari. Kiatu cha mtu kilikwaruza sakafu, kisha kukawa kimya, kimya kile kile cha uchochoroni.

"Huyu si mama yangu," alisema hatimaye, machozi yakimdondoka. "Sikuandika mimi. Iliandika simu."

Watu walianza kunong'ona. Redio aliinama, akajifanya anafunga kamba za kiatu. Mwalimu aliinua mkono wakanyamaza, akamwita msomaji mwingine, kisha akamtoa Sindano nje pamoja na mama yake.

Barazani Sindano alitazama vidole vya miguu yake, akingoja radi ipige.

"Makosa ni mawili," mwalimu alisema. "Umedai ni yako kitu ambacho si chako, na huo ni uongo. Hilo utalirekebisha. La pili ni langu pia. Niliisoma insha yako nikasema haina doa, nikaichagua. Lakini nilipofika nyumbani sikukumbuka hata sentensi moja. Ya mate ya babu, mpaka sasa namsimulia kila mtu."

Mama alilinyoosha pindo la gauni lake jipya, akachuchumaa mbele ya binti yake.

"Mwanangu, nguo za dukani hushonwa bila kumpima mtu. Zikiwa zimetundikwa, ni nzuri mno. Mtu akivaa, bega linapwaya, kiuno kinabana, ananiletea mimi nirekebishe. Huyo mama wa kwenye insha nimemsikiliza, ni mama mzuri. Ila si mimi. Hukunipima."

"Samahani, mama. Na gauni lako..."

"Gauni ni langu, nimelipima mwenyewe," mama alisema, na pembe ya mdomo wake ikacheza. "Wewe nipime sasa. Futi ya kupimia unayo, umeishi na mimi miaka kumi na miwili."

"Mimi sijui kuandika maneno mazuri."

"Mashine inayajua yote," mwalimu alisema. "Imesoma maandishi ya watu wengi, kwa hiyo inajua jinsi akina mama wanavyosifiwa. Lakini haijawahi kumsubiri mama arudi. Haina mtu wa kumkosa. Insha huanzia kwenye kitu unachokijua wewe kwa sababu ulikuwepo na ulijali. Kitu gani ulikiandika kwanza, kabla ya simu?"

Sindano alifikiri. "Nilikifuta," alinong'ona.

"Basi kirudishe."

Alikaa chini barazani, akaigeuza karatasi na kuandika nyuma yake. Ndani watu walipiga makofi mara mbili, na yeye hakuinua kichwa. Aliporudi darasani, mistari yenyewe haikufika nusu ukurasa.

"Mama yangu huweka pini mdomoni," alisoma. "Kwa hiyo haimbi. Akisema mguno mmoja ni ndiyo, miwili ni hapana. Mteja mmoja aliuliza bei, akajibiwa miguno mitatu, mpaka leo hajui alikubaliwa nini."

Kicheko kililipuka. Mama aliziba uso kwa viganja vyake, mabega yakimtikisika ndani ya kijani.

"Vidole vyake ni vigumu. Akinipapasa shavuni vinakwaruza, na ndivyo ninavyojua ni yeye hata nikiwa nimefumba macho. Nilipokuwa na miaka saba alipaliwa, pini ikatoka na damu. Alisema yamekwisha."

Maandishi yaliishia hapo. Mwalimu alikuwa tayari ameinua mikono apige makofi. Lakini Sindano hakuketi. Aliiteremsha karatasi, akamtazama mama yake juu ya vichwa vya darasa zima.

"Mama, mimi kila siku husimama pale konani nisikilize cherehani," alisema, na safari hii jibu halikugeuka kooni. "Isipolia naogopa kuingia ndani. Naogopa nitakukuta umeanguka. Naomba pini uziweke mezani."