Kiti cha Kushoto

Kaka yangu alichagua gari kama watu wengine wanavyochagua mchumba: kwa kulizunguka, kulinusa na kuuliza maswali ya ukoo.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida kabisa. Mimi nimerudi zangu nyumbani kwa likizo fupi ya chuo, yeye kanikalisha jikoni, ananionyesha picha za magari kwenye simu huku chai yake inapoa. Alitaka gari la kupeleka kwenye uwanja wa mbio. Si mashindano, alisema, ni zile siku za wazi ambapo kila mwenye helmeti na breki nzima anaruhusiwa kuzunguka kwa kasi aipendayo. Fundi wake alikuwa amemshauri anunue gari kubwa lenye injini ya kunguruma. Kaka akakataa.

"Nguvu kila mtu anazo," aliniambia. "Mimi nataka wepesi. Gari jepesi linashika breki upesi, halili matairi, na kwenye kona linakusikiliza. Zito linabishana na wewe."

"Kama mimi."

"Wewe ni lori, Wakili."

Wakili ni mimi. Jina hilo alinipa siku niliyoshinda mdahalo wangu wa kwanza chuoni, na tangu siku hiyo sikumbuki kama aliwahi kuniita vingine.

Gari alilolipata lilikuwa dogo, la kijivu, milango miwili, la daktari mmoja wa meno ambaye kliniki yake ilikuwa nyuma ya duka la rangi. Tangazo lilisema: mmiliki mmoja, halijawahi kugonga. Vyote viwili vilikuwa kweli, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Daktari mwenyewe, mama mmoja mkimya, alitukabidhi funguo bila maneno mengi. Kaka alipokuwa analitoa uani, mimi nilikuwa nyuma yake kwenye pikapu ya Fundi, nikamwona daktari anainua mkono kidogo, kama mtu anayeaga msafiri. Kaka alikuwa peke yake garini. Na dirisha alilolipungia daktari halikuwa la upande wake.

Kwenye gereji kazi ikaanza. Gari la uwanjani huvuliwa kila lisichokihitaji: zulia, viti vya nyuma, tairi la akiba, redio, kiyoyozi, hata ile lami iliyobandikwa sakafuni kuzuia kelele. Fundi alikuwa anaikwangua kwa patasi huku akiimba kwa sauti mbaya. Kisha akalipandisha gari kwenye mizani nne bapa, moja chini ya kila tairi, ili ajue kila kona imebeba kiasi gani, ndipo akaze au alegeze springi. Gari likiwa tupu na usukani uko kulia, pande mbili hutakiwa kukaribiana, au kulia kuzidi kidogo.

Hili lilizidi kushoto.

"Nani kabaki humo?" Fundi akatania.

Nilicheka. Kaka hakucheka, alikuwa anakuna kidevu. Wakabadilisha mizani, ya kushoto ikaenda kulia na ya kulia kushoto. Bado. Fundi akasema chasisi imepinda. Akaipima kwa kamba, haikupinda. Akahamisha betri upande wa kulia, kushoto kukashuka kidogo tu, kiasi cha betri. Kila kitu walichotoa kilipunguza uzito kama kilivyotakiwa, lakini ile ziada ya kushoto ilikaa palepale, haikupungua wala kuongezeka. Ilikuwa sawa na uzito wa mtu mwembamba.

Mimi, kwa ubishi wangu, nikaingiza mkono dirishani nikabonyeza kiti cha dereva kwa kiganja. Sponji ikabonyea, nilipoachia ikainuka. Nikazunguka upande wa pili nikibonyeze cha kushoto. Sikuhitaji. Kilikuwa kimebonyea tayari.

"Toa kiti hicho," Kaka akasema.

"Si ulisema utakuwa unambeba Wakili?" Fundi akauliza.

"Abiria ni uzito. Toa, na mkanda wake."

Fundi akafungua nati, wakakinyanyua wao wawili, wakakiegemeza ukutani. Sote tukageukia kioo kidogo cha mizani kinachoonyesha namba. Namba za kushoto zikashuka. Ziada yote ikatoweka, na Kaka akapiga kofi la furaha.

"Mnaona? Kiti! Kiti tu kilikuwa na—"

Namba za kulia zilikuwa zinapanda.

"Kutoa kitu hakuongezi kitu," Fundi alisema polepole, kama anajiambia mwenyewe. Kaka alikuwa kando yangu, mikono mfukoni. Milango ilikuwa imefungwa. Na mbele ya macho yetu gari likainama kidogo upande wa dereva, taratibu, kama linavyoinama mtu anapoketi.

"Kirudishe," nikasema.

"Kwa hoja gani?"

"Sina hoja. Kirudishe tu."

"Wakili hana hoja! Fundi, hii siku tuikumbuke." Lakini sauti yake ilikuwa kavu. "Mizani imechoka hiyo. Kesho nina nafasi uwanjani, nimeisubiri muda mrefu, siiachi kwa sababu ya kioo kinachocheza."

Asubuhi aliondoka kabla sijaamka. Mimi sikwenda uwanjani. Nilikwenda kwa yule daktari.

Nilimkuta anaosha vifaa vyake kwenye sinki. Hakuniuliza nimefuata nini.

"Linawasumbua?"

"Shikamoo, mama. Nani alikuwa anakaa kushoto?"

Akafunga bomba. "Mdogo wangu. Nilikuwa nampeleka hospitali. Njia nzima nikawa namsimulia habari za watoto, za majirani, ili asisinzie. Nikamsimulia mpaka getini. Muuguzi alipofungua mlango, akamgusa shingo, akaniuliza nilikuwa naongea na nani." Alijifuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja. "Alikuwa amepoa zamani."

"Pole sana. Lakini tangazo lako lilisema—"

"Mmiliki mmoja. Ndiye mimi. Abiria hawaandikwi."

Damu ilinichemka. Huo ndio ujanja ninaouchukia kuliko uongo wenyewe: kusema kweli nusu, halafu kumwachia mwingine nusu iliyobaki aigundue kwa ngozi yake. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa sauti iliyowafanya wagonjwa waliosubiri nje waache kuongea.

"Hajawahi kumdhuru mtu," akanijibu, hakukasirika. "Nimeendesha naye miaka. Anataka kusimuliwa tu, basi. Nilipochoka kusimulia, nikaliuza."

Machozi yakanitoka, sijui ya hasira au ya nini. Akanitazama kwa makini.

"Mbona unalia, binti? Si amekaa kwenye kiti chake?"

Nikajifuta uso kwa kiganja.

"Binti." Alishusha sauti ikawa mnong'ono. "Kiti kipo?"

"Tumekitoa."

Aliketi kwenye kile kiti kirefu cha wagonjwa, kama amesukumwa.

"Basi atakaa penye mtu," akasema.

Simu ya Kaka iliita bila kupokelewa. Nikapanda pikipiki mpaka uwanjani, njia nzima nikipiga. Jua lilikuwa kali. Watu walikuwa wamejaa kwenye uzio na miavuli yao, wengine wanakula, watoto wanapiga kelele kila gari likipita. Fundi alikuwa amesimama kwenye ukuta mfupi kando ya njia ya magari kuingilia, redio ya mkononi ya kuongea na Kaka iko sikioni, anatabasamu.

"Umekuja! Tazama kaka yako. Sijawahi kumwona akiendesha hivi. Laini. Usukani hata hautetemeki."

Nikampokonya redio.

"Kaka, toka uwanjani, ingia huku. Simamisha gari."

Mkwaruzo. Pumzi.

"Wakili." Alikuwa ananong'ona.

"Simama!"

"Siwezi. Miguu imekufa ganzi."

"Kanyaga breki."

"Kuna uzito mapajani, Wakili." Pumzi tena. "Si mimi ninayekanyaga."

Tabasamu la Fundi likafa. Gari dogo la kijivu likatokea kwenye kona, likatupita karibu kabisa. Nilimwona. Helmeti yake ilikuwa imelala pembeni, shingo imepinda, kama mtu anayejaribu kuona barabara nyuma ya kichwa cha mwingine.

Mbele yake sikuona kichwa chochote.

"Msimulie," nikasema. Nilikuwa nimeshika redio kwa mikono yote miwili. "Kaka, nisikilize. Ongea naye. Msimulie kitu, chochote, habari za mama, chochote."

"Nimejaribu. Hataki tena."

"Anataka nini?"

"Anasema nisogee."

"Usisogee!"

"Anaomba kwa upole. Anasema amechoka kukaa hivi." Sauti yake ilikuwa inapungua. "Anasema nisogee kushoto."

"Kushoto hakuna kiti!"

"Najua," Kaka akasema.

Kisha redio ikawa kimya.

Fundi alikimbia kwa wasimamizi, wakainua bendera nyekundu ya kusimamisha magari. Magari mengine yakapunguza. Lile la kijivu nalo likapunguza. Likawasha taa ya kushoto, kwa adabu, kama mtu aliye barabarani mjini. Likaingia kwenye njia ya kuegeshea. Likajipanga katikati ya mistari, matairi yamenyooka. Injini ikazimwa.

Hakuna aliyeshuka.

Nilifika wa kwanza. Kaka alikuwa upande wa kushoto, chini kwenye bati tupu, magoti yamegusa kidevu. Macho yalikuwa wazi. Alikuwa anatazama mbele, kimya, kama anayesubiri safari iendelee.

Kiti cha dereva kilikuwa kitupu. Mikanda yake ya mbio, ile inayopita mabega yote mawili na kufungana tumboni, ilikuwa imefungwa. Haikulegea. Ilikuwa imekazwa juu ya hewa, imetuna.

Mtu wa huduma ya kwanza alimpima, akasema ni joto. Nikamuuliza kama joto ndilo lililozima injini. Nikamuuliza kama joto linajua kufunga mikanda. Akaniambia dada, tulia. Mpaka leo nikisikia neno hilo natamani kuvunja kitu. Fundi alirudisha kiti cha kushoto jioni ileile, hakuthubutu hata kuimba, tukalivuta gari mpaka kwa daktari. Mama yule alichungulia dirisha la kushoto, akakuta hakuna wa kumsalimia. Akazunguka akachungulia la kulia. Akarudi nyuma hatua kwa hatua, akaingia ndani, akafunga mlango. Tulibisha mpaka mikono ikauma.

Sasa gari liko nyuma ya gereji, chini ya turubai. Fundi haegeshi kitu karibu nalo.

Kaka yuko nyumbani. Mama yetu anasema amepona, mshukuru Mungu, mwanangu, kaka yako anakula, analala, anakwenda kazini. Ni kweli. Ila haendeshi. Gari lolote litakalokuja kumchukua, anazunguka mwenyewe mpaka mlango wa kushoto, anaingia, anatulia. Haongei njiani. Mimi haniiti chochote. Nikimsimulia jambo ananigeukia, anasikiliza kwa njaa, hata kama ni habari ya bei ya sabuni. Nikinyamaza, uso wake unazimika. Kwa hiyo nasimulia. Naacha vitabu vyangu, nakaa kando yake sebuleni, nasimulia mpaka sauti inakauka. Mama anasema napendeza, siku hizi sina hasira.

Juzi alikuwa anabadilisha shati, nikaona kifua chake. Kuna mchubuko mmoja, mpana kama kiganja cha mtoto, kingo zake zimenyooka. Unaanzia bega la kushoto, unakatiza kifuani, unaishia nyonga ya kulia. Dereva wa gari lile hawezi kupata alama ya namna hiyo, mkanda wake unatokea kulia, na ile ya mbio hushika mabega yote mawili. Hiyo ni njia ya mkanda wa abiria. Na mkanda wa abiria siku ile ulikuwa gereji, umeviringishwa sakafuni chini ya kiti kilichoegemezwa ukutani.

Nimeukanda kwa barafu, nimeupaka dawa. Haufifii. Asubuhi unakuwa mwekundu zaidi, kama umekazwa usiku.

Na hivi ninavyoandika, yeye amekaa mbele yangu kwenye kochi, macho yako mbele. Mkono wake wa kulia uko nyongani. Kidole gumba kinabonyeza kitu ambacho mimi sikioni. Kinabonyeza tena. Kinabonyeza kwa nguvu mpaka ukucha unakuwa mweupe.

Hakifunguki.