Tundu la Ngawa

"Usiniambie umenipigia kwa ajili ya panya," mumewe alisema simuni.

"Si panya. Ni ngawa. Yuko darini."

"Si mna chama cha kutetea wanyama? Waite wenzako waje wamwimbie."

Tangu mume ahame, nyumba ilikuwa kimya mno. Kila jioni mke aliombea chakula chake, kisha kwa mazoea akanyamaza kidogo, akingoja mtu aseme "Amina." Hakuna aliyesema. Chakula kikapoa.

"Jirani amenunua sumu," alisema. "Kuku wake wameliwa. Kesho anaipaka kwenye nyama."

Upande wa pili ngazi ikagonga ukuta.

"Nakuja. Lakini siji kwa ajili yako."

"Nimekuelewa."

Mume alikuwa mtegaji, mtu wa kuitwa nyani wakivamia shamba au kitu kikikwaruza darini. Mke alisimama na mabango kuwatetea nyani hao hao. Walitaniana hivyo miaka mingi, hadi siku mume alipomnasa ngawa jike kwenye dari ya mteja, akaziba tundu, akaondoka. Mteja aliposikia vilio darini alimwita mke, naye akapanda kuchungulia. Akakuta watoto, wamekwisha kuwa baridi. Jioni ile akamwita mumewe muuaji mbele ya mama mkwe. Mume akafunga begi.

Sasa aliingia na ngazi begani na wavu wa chuma mkononi. Jirani akachungulia juu ya ua.

"Shemeji! Umerudi? Afadhali! Mkeo anaandamana kwa ajili ya nyani. Kuku wangu nani atawaandamania?"

"Nipe leo tu, jirani. Sumu iache kwanza."

Akazunguka nyumba. Chini ya ukuta akasimama.

"Nani anaweka ndizi hapa?"

"Mimi."

"Unamlisha?"

"Alikuwa anapita kila jioni." Sauti yake ikafifia. "Nikapata wa kumngoja."

Mume alitaka kufoka, akashindwa.

"Sasa amezoea," alisema polepole. "Ndizi zikiisha, anavuka kwa kuku. Huruma yako ndiyo iliyomletea sumu."

Mke alifuta macho kwa ncha ya kanga.

Mume alipanda, akanyunyiza unga kwenye tundu la paa. Wakakaa uani kwenye viti viwili, bila neno, kama kazi ile inavyotaka. Giza lilipoanza kuingia, ngawa akatoka, mkia mrefu, madoa mgongoni, akateremka ukutani na kupotea. Unga ukabaki na nyayo.

"Shika ngazi," mume alisema, akapanda na nyundo.

Mke akashika. Akangoja kusikia misumari ikigongwa. Haikugongwa. Mume alikuwa ameweka sikio kwenye mbao.

"Wapo," alinong'ona. "Wadogo."

"Kwa hiyo?"

"Zamani ningeziba tu." Akashuka na wavu wake. "Siku ile ulikuwa sahihi. Ila lile neno, mbele ya mama yangu..."

"Nisamehe neno lile, mume wangu. Nilikuvua nguo mbele ya mzazi."

"Na wale watoto, Mungu anisamehe. Huwa nawasikia nikilala."

Akavuka kwa jirani na wavu ule ule, akazungushia banda la kuku hadi lisibaki na upenyo. Jirani akamkabidhi pakiti ya sumu.

"Chukua. Ila akiliwa kuku mwingine, huyo ngawa nitamla mimi!"

Mume aliporudi, mke alikuwa amesimama mlangoni.

"Watatoka lini?"

"Wakiweza kumfuata mama yao. Unga ukikaa usiku kucha bila nyayo, ndipo tundu lizibwe. Kila jioni lazima mtu akae hapa aangalie. Na ndizi basi."

"Nikikaa peke yangu nitaweka ndizi. Najijua."

Mume alitazama vile viti viwili.

"Basi tukae wawili."

Mke akapakua. Akainamisha kichwa, akamshukuru Mungu kwa chakula, kwa jirani, kwa wadogo wa darini. Kisha kwa mazoea akanyamaza.

"Amina," ikasikika upande wa pili wa meza.

Juu yao, kitu kidogo kikakwaruza.