Moto wa Kuazima

Mama alinituma moto jua likizama. Kiberiti kilikuwa kimelowa, na Ombui, mtoto mchanga wa dada yangu Esnah, alikuwa akitetemeka kwa homa. Yalitakiwa maji ya moto, na nyumba ipate joto.

"Usisimame njiani, Kwamboka," Mama alisema.

Nilikuwa nimekuja likizo kutoka chuo kikuu Nairobi, mwaka wa 1971, nikiandika hadithi ya mchawi. Ilininyima usingizi. Mchawi wangu hakuaminika. Nilipomsomea Esnah, alicheka huku amempakata mtoto: "Huyu wako anaua watu tu. Ana shida gani? Kwa nini asilale?"

Nikaandika swali lake pembeni ya ukurasa.

Jirani yetu Zachariah alinipa makaa kwenye kigae cha chungu. Nikayafunika kwa kigae kingine, maana manyunyu yalikuwa yameanza. Njia ya kurudi ilipita juu ya bonde, kando ya shamba la majani chai. Hapo nikasimama.

Kwetu, upande wa Kebirigo, watu husema omorogi, yaani mchawi, hutembea na moto ndani ya chungu. Hufunua, hufunika. Nilitaka kujua mkono wake unahisi nini. Je, joto linamchoma? Anaogopa kuonekana?

Nikafunua. Nikafunika.

Ng'ambo ya bonde mwanga ukawaka... ukazimika.

Nikajiambia ni taa ya mtu. Nikafunua tena.

Ukajibu. Safari hii ulikuwa upande wetu wa mto.

Nikafunika, nikaanza kwenda haraka. Vyura wakanyamaza. Nikasikia harufu ya nywele zilizoungua. Kisha sauti nyuma yangu, ya taratibu:

"Polepole, mwanangu. Utaanguka."

Alikuwa mama wa makamo, kitambaa cheupe kichwani, nguo zimepigwa pasi. Mtu ambaye ungemkuta kanisani siku ya Sabato ukampisha kiti. Mikononi hakuwa na moto wowote.

"Umeniita," alinong'ona.

"Hapana, mama. Nilikuwa ninajaribu tu."

"Hata mimi nilijaribu." Alinifuta majivu mkononi kwa ncha ya leso. "Nilizika watoto watatu. Majirani walikuja, wakala, wakarudi kwa watoto wao. Kila jioni niliwasikia wakiwaita waingie ndani. Nikataka mama mmoja tu ajue ninachojua mimi... Mmoja tu. Halafu nikashindwa kuacha."

Nilimwelewa. Kwa muda nilimhurumia kabisa. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

"Mdogo anaumwa, sio?" aliuliza. "Kwenu ni mlango upi?"

Sikuwa nimemwambia kitu.

Kama ningekwenda nyumbani, ningemfikisha mlangoni. Kama nisingekwenda, Ombui angekaa na baridi. Nikageuka, nikashika njia inayotokea barabara ya Keroka, nimvute mbali na kwetu. Alinifuata akizungumza kwa upole juu ya mtoto: kwamba kifua chake kinakoroma, kwamba afunikwe miguu. Makaa yakapoa mikononi mwangu. Nilisali, maneno yakanichanganyikia. Mungu wangu, asife. Asife kwa ajili ya hadithi.

Taa za lori zikatumulika. Nikageuka.

Hakukuwa na mtu.

Nilitupa vigae, nikakimbia hadi nyumbani. Moshi ulikuwa ukitoka paani. Ndani, moto uliwaka vizuri mafigani, na Ombui alikuwa amelala, paji la uso limepoa.

"Ulikuwa wapi?" Mama alifoka. "Bahati yule mama uliyemtuma alileta moto mapema."

"Sikumtuma mtu!"

"Hata kama hukumtuma, ni mtu mwema," Esnah alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Alimpakata mtoto, akalia. Amezika watatu, maskini."

Nikawaeleza yote. Mama aliguna tu. Kwake hizo zilikuwa hadithi zangu. Nikaenda mlangoni kutia komeo. Esnah akanishika mkono.

"Acha wazi," alisema. "Nimemwambia aingie wakati wowote apendao."