Bomba Lililovuta Pumzi

Kisa hiki alinieleza kwanza mama mdogo, Khairiya, mwezi wa Shaaban mwaka 2022, tukichagua mchele nyumbani kwake Mjambere. Baadaye nilimuuliza mwanawe, Safwan. Maneno yao hayakupishana.

Safwan alikuwa amebadilishiwa ekzosi, bomba la moshi, ya gari lake na fundi mmoja wa Changamwe. Alitaka bomba pana, lenye mngurumo mzito. Mngurumo aliupata. Lakini gari likisimama injini ikiwaka, chini yake palitoka sauti nyingine: mkoromo mwembamba, kisha kimya, kisha mkoromo tena. Majirani walimtania.

"Safwan, gari lako lina pumu?"

Wiki hiyohiyo dada yake Hadeel, aliyeugua pumu tangu utotoni, akaanza kulala hadi asubuhi bila kukohoa. Dawa yake ya kuvuta ikasahauliwa juu ya kabati. Mama mdogo alimshukuru Mungu, hakuuliza zaidi.

Jumamosi asubuhi Safwan alimwita fundi mwingine, Bonface, nyumbani. Bonface akakaza klampu za kubana bomba. Akabadilisha gasketi ya kuziba maungio. Akagonga bati la kukinga joto, pengine limelegea. Mkoromo ukabaki palepale.

"Boss, hii gari inataka dawa ya kifua, si spana," alisema akicheka.

Lilibaki jaribio moja. Ukiziba mdomo wa ekzosi, moshi hutafuta upenyo mwingine, na pale bomba linapovuja utasikia. Bonface akalowesha kitambaa, akakikunja, akakibana kwa kiganja kwenye mdomo wa bomba.

Mkoromo ukakoma.

Jikoni, sufuria ikaanguka.

Mama mdogo alimkuta Hadeel sakafuni, mikono shingoni, midomo imemgeuka rangi. Hewa haikuingia. Haikutoka. Alimpulizia dawa kinywani. Ikarudi nje kama ukungu.

"Safwan! Nduguyo yuwafa!"

Bonface alishtuka, akaondoa mkono. Kitambaa hakikuanguka. Kilivutwa ndani, polepole, mpaka kikapotea.

"Ekzosi hupuliza," alinong'ona. "Haivutangi kitu."

Safwan akazima injini.

Bomba likaendelea kuvuta.

Mama mdogo alisimama kwenye mlango wa jikoni, mtoto wake nyuma yake, gari mbele yake. Akaelewa. "Likate hilo bomba, baba. Nakuomba kwa jina la Mola."

Bonface akaingia chini ya gari na msumeno wa chuma. Alivuta mara moja. Kule jikoni Hadeel akajikunja, kama aliyechomwa kisu. Akavuta tena. Hadeel akajikunja tena, mama mdogo akapiga yowe.

"Mama, nikome?"

Bonface akikoma, Hadeel hana pumzi. Akiendelea, hajui anakata nini. Mama mdogo alifumba macho.

"Kata."

Msumeno ulikwaruza. Hadeel hakuwa na pumzi hata ya kulia. Visigino vyake tu vilisikika, vikigonga sakafu. Kisha vikatulia.

Bomba likadondoka.

Ndani ya nyumba pakatoka pumzi moja ndefu. Safwan aliisikia akiwa uani.

Bonface akachungulia kipande kile. Bomba la gari lililotembea wiki nzima halikuwa na masizi hata chembe. Ndani lilikuwa na rangi ya waridi iliyofifia, lina unyevu, lina uvuguvugu. Kitambaa hakikuwamo. Alikusanya spana zake, akaondoka bila kuaga.

Pumu haikumrudia Hadeel. Hospitali walimpiga picha ya kifua, wakasema mapafu ni safi. Lakini tangu siku ile, kila anapoamka, foronya yake huwa na duara jeusi la masizi pale mdomo wake ulipolala. Nazifua mimi, maana sasa anaishi kwangu Utange. Masizi hutoka. Harufu ya petroli haitoki.

Mama mdogo alifariki mwaka jana. Bonface yu hai. Alirudi kwao na simu zetu hapokei. Safwan yu hai.

Hadeel anapumua.